Darasa la vitamutamu vya chai Kyoto: nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Mods msiuhamishe uzi huu.

Niko Japani kimasomo. Tangazo lilisema wazi: utajifunza kutengeneza wagashi (vitamutamu vya Kijapani) za hafla ya chai mwanzo hadi mwisho, kwa njia ya asili. Wagashi ndizo zile zinazoliwa kabla ya matcha, chai ya kijani ya unga, ili uchungu wa chai ukute ulimi una utamu tayari. Nikalipa mapema, hela ya chakula changu cha wiki nzima.

Nafika, nakuta madonge ya nerikiri, ule unga laini wa maharage matamu wa kufinyangia maua, yameshapimwa, yameshatiwa rangi, yamefunikwa nailoni. Kazi yetu kufinyanga tu na kupiga picha!

Jamani, nerikiri inatengenezwa jikoni. Maharage meupe unayaloweka, unayachemsha mpaka yalainike, unayapitisha kwenye chekecheke maganda yabaki juu. Ule uji unausafisha kwa maji, unaukamua kwenye kitambaa, kisha unarudi motoni na sukari, unausonga kama ugali bila kuachia mwiko maana ukizubaa unashika chini. Ndipo unatia gyuhi, ule mchanganyiko wa unga wa mchele wa kunata na sukari, ili donge likubali kufinyangwa lisipasuke. Hapo mimi nimeona nini? Nilipouliza nani kapika, nikajibiwa kavu: kiwandani.

Lililonichefua zaidi ni ua tulilofundishwa. Sakura, ua la mcheri, mwezi wa 11! Sakura Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi kuingia Aprili, na wagashi za chai zinafuata msimu. Juni ni ua la ajisai (hydrangea), na tarehe 30 wanakula minazuki, ile ya pembetatu yenye azuki, maharage madogo mekundu, juu. Novemba watu wa chai wanafungua ro, jiko la sakafuni la majira ya baridi, na kuandaa inoko mochi, vidonge vya mchele wa kunata. Dirishani momiji, majani ya mti wa maple, ilikuwa nyekundu inawaka, sisi ndani tunafinyanga Aprili. Eti watalii ndiyo wanayoipenda.

Chai ikaja kwenye vikombe vya karatasi, tena ikatangulia kabla ya kitamu chenyewe. Badala ya kijiti cha mti wa kuromoji cha kukatia kitamu, uma wa plastiki.

Mwalimu simlaumu sana. Yule mama alishika kibao cha pembetatu, akachora petali za krisanthemo mstari kwa mstari bila kupepesa jicho. Ningelipa kumtazama yeye tu. Wenye biashara ndio matapeli.

Nikadai nusu ya hela. Meneja akatabasamu, akainama vizuri kabisa, akasema haiwezekani kwa sababu nimeshakula.

Mdau yeyote wa Kyoto, Kanazawa au Matsue anayemjua fundi anayeloweka maharage mbele ya mwanafunzi, anishushie hapa. Na wale wa "si ungenunua tu dukani", piteni kimya.