Mrejesho: Wanaogombea nyumba baba angali hai

Wakuu, nilileta hapa suala la kaka yangu: miaka yote alikimbizana na pesa, wanawe wakalelewa na dada wa kazi, sasa wamekua na wanagombea nyumba yake. Asanteni sana mlionishauri.

Kikao cha ukoo kilivunjika. Mtoto wake mkubwa alikuja na hati ya mauziano ya nyumba tayari, imebaki sahihi ya baba tu (jamani, tamaa!). Kilichosaidia ni kumkutanisha baba na kila mtoto peke yake, mali isitajwe. Binti alimuuliza kama anajua alimaliza shule mwaka gani. Hakujua. Wakalia wote, na siku hizi wanapigiana simu. Wosia umeshaandikwa kwa wakili. Mkubwa bado hatupokelei simu.