Ukoo wa Barabara ya Nane 🌙: vya kufungulia mdomo siku ya Idd

JUMATATU

Shangazi Zaina 14:52
Asalaam aleykum wanaukoo, habari za funga. Jmn siku zimebaki za kuhesabu vidole na naona watu kimyaaa kama vile Idd inajiandaa yenyewe. Pilau na biriani zishagawanywa hilo limeisha, mbuzi kaka Hamisi ameshasema. Ninachouliza ni vile vya mwanzo, vya kufungulia mdomo

Shangazi Zaina 14:53
Maana ikiangukia ijumaa wanaume wakitoka sala ya Idd hawajakaa sawa washaondoka tena Jumaa, sinia linawekwa saa nane hilo kama tukiwahi. Hapo katikati watu 34 wanakula nini

Shangazi Zaina 14:53
Na sitaki mtu ajaze tumbo mkate wa sinia na kaimati halafu biriani analiangalia kama picha ya ukutani. Tumbo limefunga mwezi mzima lile, vitu vitatu limejaa. Nataka VYEPESI

Shangazi Zaina 14:55
📷 Picha 4

Farid 15:01
Shangazi picha za sambusa saa tisa hii 😭😭 funga yangu ikiingia dosari nakuja kukudai

Rukia Maskati 15:04
🤣🤣🤣

Shangazi Zaina 15:06
Farid hujaulizwa. Mama yako yuko wapi mwambie aangalie simu

Farid 15:07
Kalala

Shangazi Zaina 15:20
Nimeweka hivi, mnijibu. Sambusa za nyama, bajia za kunde, kachori na chatne ya ukwaju, matango na embe mbichi zilizokatwa ndefu na pilipili na chumvi kidogo. Sharubati moja ya ukwaju moja ya pasheni. Kwa kichwa vitu vitatu basi. Anaetaka cha nne akanunue

Shangazi Zaina 16:41
Watu 19 wamesoma. Nawaona

Mama Imran 16:58
Waaleykum salaam wifi. Mi naona sawa tu. Ila Imran sambusa hali, bajia hali, kachori akiona kitunguu anakitoa kimoja kimoja anakipanga pembeni ya sahani. Yeye ni chipsi tu na tomato. Samahani wifi

Shangazi Zaina 17:00
Hamna shida wifi, viazi vipo. Lakini chipsi hatuweki mezani maana wakubwa watajifanya wanamuonjea mtoto

Baba Mkubwa 17:33
SUPU VIPI

Shangazi Zaina 17:34
Kaka supu si nyepesi

Baba Mkubwa 17:36
SUPU NI MAJI

Farid 17:36
😂😂😂 baba mkubwa kamaliza

Babu Athumani 17:50
*Imesambazwa mara nyingi*
🧄 VITUNGUU SWAUMU NA NDIMU!!! Twanga punje saba changanya na ndimu tatu kunywa asubuhi kabla ya kitu chochote presha utaisahau. Tuma kwa unaowapenda usiache ikaishia kwako 🙏🙏

Shangazi Zaina 17:52
Asante mjomba. Ila asubuhi ya saivi ni mfungo mjomba

Rukia Maskati 18:40
Mama mdogo sisi tunafika siku moja kabla inshallah. Huku wenzetu sambusa wanaweka jibini, nije nalo kidogo? Halafu nisipigwe, Aaliya hali nyama toka mwaka jana. Kuku pia hali. Samaki pia. Mayai ndo ameacha juzi

Farid 18:44
Anakula nini kwani, upepo?

Rukia Maskati 18:45
We Farid nitakuja na viatu vyako nirudi navyo

Farid 18:46
Da Rukia mi nilikuwa natania, Aaliya tutamlimia bustani nzima. Namba 43 lakini usisahau

Shangazi Zaina 18:58
Futari njema. Naandika orodha ya watu wagumu nitairusha usiku

Shangazi Zaina 22:17
Haya. Kaka Hamisi sukari, kwa hiyo kaimati na visheti vikae chumbani kwa mama mlango umefungwa. Mjomba Athumani miguu, daktari kakataza nyama nyekundu. Baba Imran akigusa kamba midomo inavimba tunakumbuka ya Raskazone. Aaliya hali chenye macho. Imran chipsi. Mashemeji wa Muheza hawali kitu ambacho hawajaona kikipikwa, nao watafika vishapikwa. Mimi mwenyewe mafuta mengi siwezi siku hizi kifua kinawaka. Ukiangalia hapo kinachompita karibu kila mtu salama ni bajia za kunde tu, haina nyama haina yai haina ngano haina sukari

Rukia Maskati 22:20
Bajia za kunde za Mama Farid 😩😩 nimezimiss jamani

Shangazi Zaina 22:21
Mradi safari hii zisiwe za hotpoti

Farid 22:21
Ehe

Farid 22:22
Shangazi tuliache hili

Shangazi Zaina 22:24
Nimesema nini kibaya? Watu waliokuwepo wanajua. Bajia ikitoka kwenye mafuta ina ganda inalia mdomoni, zile zilivyofika mbele ya wakwe ukiibonyeza inarudi kama sponji. Mi nilisema tu nilichokiona

Baba Imran 22:30
Zaina

Shangazi Zaina 22:31
Nimenyamaza

Shangazi Zaina 22:38
Ila mie hotpoti SIKUIFUNIKA. Nimesingiziwa Idd mbili hizi mpaka mwezi wa sita kwenye arusi ya Makorora watu wananiita hotpoti


JUMANNE

Mama Farid 04:47
Nimesoma

Shangazi Zaina 08:02
Asalaam aleykum wifi. Umesoma halafu?

Shangazi Zaina 10:15
?

Farid 11:30
Shangazi mama yupo Mgandini sokoni. Kaniambia niwape habari ya kunde mana watu mnaziongelea kama zinachotwa tayari. Zinalowekwa usiku. Asubuhi anakaa na beseni katikati ya miguu anazisugua na viganja ndani ya maji mpaka maganda yaachie, yanaelea juu anayamwaga, anajaza maji mengine anasugua tena, mara tano mara sita hivyo mpaka zibaki nyeupe. Lile jicho jeusi likibaki bajia inatoka na madoa. Ndo zikasagwe, ndo ule unga apige na mkono mpaka uwe mwepesi, anadondosha tone kwenye kikombe cha maji likizama anaendelea kupiga likielea ndo karai linabandikwa. Mimi hapo nishalala nikaamka mara mbili

Mama Imran 11:34
Maskini mbona kazi kubwa. Mi nilijua unga wa dukani

Farid 11:35
Unga wa dukani tena Mama Imran 😬 hilo usilirudie ukiwa Tanga

Shangazi Zaina 11:40
Hayo nayajua nimezaliwa kwenye nyumba hiyohiyo. Sasa hesabu ni hii. Sambusa tunaweza funga jumatano tukaweka kwenye friza mbichi, siku yenyewe zinaingia kwenye mafuta vilevile na barafu lake. Kunde haiwezekani. Ukiloweka alhamisi jioni mwezi usionekane, kesho yake kwa joto la Tanga zishaanza kutoa povu. Kwa hiyo kunde zisubiri tangazo

Baba Mkubwa 12:10
TANGAZO LAWEZA KUJA SAA NNE USIKU

Shangazi Zaina 12:11
Ndo zitalowekwa saa nne usiku kaka

Baba Mkubwa 12:13
NA NANI

Rukia Maskati 12:50
Loweka uweke kwenye friji mama mdogo, huku kwetu nafanya hivyo siku mbili hazina neno

Farid 12:52
Friji la bibi lina barafu ya enzi za Nyerere haliingii hata kikombe da Rukia. Na umeme je

Babu Athumani 13:05
Barafu ile nilimletea mimi. Friji yaani. 1988

Farid 13:06
🤣🤣🤣🤣 babu kajibu! Babu kumbe unasoma!

Rukia Maskati 13:06
Friji la bandarini 😂 jamani lile lililokuja usiku

Babu Athumani 13:09
Lilikuja kihalali

Baba Imran 13:10
😂😂😂😂

Mama Imran 13:10
Mbona mnacheka mimi sielewi

Baba Imran 13:11
Nitakwambia nyumbani

Shangazi Zaina 13:30
Mnaongea friji la 1988 mimi nauliza nani anafunga sambusa. Nyama ya kusaga kilo tatu nalipa mimi, zitatosha. Iwe kavu jmn, ikaushwe na tangawizi na vitunguu swaumu mpaka maji yaishe ndo kitunguu maji kiingie mwisho moto ushazimwa, ikibaki na maji manda inalowa inapasuka kwenye karai. Za mjomba ziwe za kuku zitiwe alama zikunjwe kona moja ndani

Shangazi Zaina 13:31
Michango 20,000 kila nyumba. Mpaka saivi walotuma ni Rukia na kaka Hamisi. Sitaji majina ya ambao hawajatuma lakini mmoja ana gari

Baba Imran 13:50
Natuma jioni

Shangazi Zaina 13:50
Sijakutaja

Shangazi Zaina 18:05
Wifi Mama Farid nasubiri neno lako. Kunde kilo ngapi. Na utazikaanga saa ngapi, maana zikikaangwa saa mbili zikaliwa saa sita tutarudi palepale

Mama Farid 19:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Zaina 19:41
Nimeuona kabla hujafuta wifi

Rukia Maskati 19:42
Uliandika nini jmn

Shangazi Zaina 19:44
Kaandika "akaange aliyefunika". Haya asante. Mwezi mtukufu huu. Mimi natoka Mbagala na mizigo na basi la saa kumi na mbili nikiwa na funga, nimechangisha nimepanga nimepiga simu, shukrani yangu ndo hiyo. Nunueni biskuti mkae nazo

Mama Imran 19:50
Wifi usikasirike jamani

Farid 19:51
Biskuti gani shangazi zile za kuchovya? 🙈

Rukia Maskati 19:51
Farid NYAMAZA

Farid 21:16
Nimetoka tarawehe nimepitia kwa bibi. Nimemsomea yote. Nikataka nimrekodi sauti kakataa, kasema kaa hapa uandike ninavosema usiongeze lako. Naandika

Farid 21:24
"Zaina. Hamisi. Na nyie wengine mnaosoma mkanyamaza. Kila siku nasomewa bajia, bajia. Ile hotpoti niliifunika mie. Niliona nzi anazunguka nikafunika nikarudi kitandani kukaa. Mlipoanza kutupiana maneno mbele ya wakwe nikasema watanyamaza wenyewe, hamkunyamaza. Ikapita Idd Ndogo ikapita Idd Kubwa nikaona haya kusema, mtu mzima mimi. Mama Farid hakukosa na Zaina hakukosa. Basi. Na mie meno yangu hayana kazi na sambusa, niwekeeni tende na kahawa yangu kama alivyokuwa akiwekewa baba yenu, mlango wa uani."

Farid 21:25
Mwisho wa kunukuu. Kaniambia nirudishe simu mfukoni

Baba Mkubwa 21:58
MAMA AMESEMA

Rukia Maskati 22:03
😔

Shangazi Zaina 22:09
Mama

Shangazi Zaina 22:10
Sawa mama. Farid ukipita kesho mwambie nimesoma

Babu Athumani 22:15
*Imesambazwa mara nyingi*
🧄 VITUNGUU SWAUMU NA NDIMU!!! Twanga punje saba changanya na ndimu tatu

Baba Imran 22:16
Nimetuma 20,000 angalieni

Mama Imran 22:17
Wifi na mimi nitakuja na matango na embe nitakata mwenyewe. Na ukwaju wa chatne ninao

Shangazi Zaina 22:20
Ubarikiwe wifi

Shangazi Zaina 22:41
Tende za mama nani analeta. Za Rukia za huko ndo laini

Rukia Maskati 22:43
Nishaweka kilo mbili kwenye sanduku

Baba Mkubwa 22:50
SUPU SIJAJIBIWA

Shangazi Zaina 23:10
Wifi Mama Farid, niambie tu manda nije nazo za dukani au vipi. Huku zipo za pakiti

Shangazi Zaina 23:13
Naona umesoma

Farid 23:31
Shangazi kasinzia simu iko mkononi. Kweli si utani


JUMATANO

Mama Farid 04:26
Za dukani zinapasuka. Njoo na unga tutazichoma wenyewe

Shangazi Zaina 04:27
Kilo ngapi wifi

Shangazi Zaina 04:27
Niko njiani kuelekea stendi maduka yamefungwa lakini nitapata

Shangazi Zaina 05:48
Wifi basi linaondoka, kilo ngapi