Dereva kagonga bodaboda, anaambiwa "kiri yaishe". Wakili anahitajika?

Mwenye Hiace
Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Dereva wa Hiace yetu kagongana na bodaboda kwenye makutano yasiyo na taa, abiria wa bodaboda kavunjika mguu. Gari limeshakaguliwa, dereva kaandikisha maelezo, yuko nje kwa dhamana ya polisi na Jumatatu anatakiwa Mahakama ya Wilaya. Watu wanamshauri akiri, apigwe faini, arudi kazini. Yeye anasema alisimama kabla ya kuingia barabara kubwa. Hii ina tofauti gani na zile faini za 30,000? Kesi ya trafiki nayo inahitaji wakili?

Mzee wa Majalada
Tofauti ni kubwa, mkuu. Ile ya 30,000 (bodaboda na bajaji 10,000) ni ya kuandikiwa barabarani: unakubali kosa, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, basi. Mtu akiumia, shauri linakuwa la jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, Jamhuri dhidi ya dereva wako. Linaweza kuishia kwenye faini kweli, ila kifungo kipo na kufungiwa leseni kupo. Dereva asiye na leseni atakula nini?

Jambo la kwanza ni kuisoma hati ya mashtaka. Ina sehemu mbili: jina la kosa na kifungu chake, kisha maelezo ya kosa, yaani lini, wapi, gari namba gani, alifanya nini. Tazama maneno. "Kusababisha majeraha kwa kuendesha kwa hatari" na "kuendesha bila uangalifu" ni makosa mawili tofauti, na uzito wake haulingani.

Sasa sikiliza kinachotokea pale kizimbani, maana watu wanapotea hapa ndani ya dakika tano. Shtaka linasomwa. Hakimu anauliza, ni kweli au si kweli? Dereva, kwa uungwana tu, anajibu "Ni kweli, nilimgonga." Hakimu anaandika. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio: alikuwa mwendo kasi, hakusimama, majeruhi akapewa PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), daktari akathibitisha mfupa umevunjika. Anaulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi, anaitikia. Ametiwa hatiani, bila shahidi hata mmoja kuitwa. Na chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, aliyekiri hakati rufaa kupinga kutiwa hatiani. Kwa kawaida kinachobaki ni kupinga adhabu, ukubwa wake au uhalali wake.

Kugonga peke yake si kosa. Kosa ni namna alivyoendesha. Kama kweli alisimama, jibu lake ni "Si kweli", na anyamaze hapo. Na hata akiwa ameshasema ni kweli, maelezo yakisomwa akasikia "hakusimama", aseme papo hapo kwamba hilo si kweli. Hakimu anatakiwa kuandika kuwa amekana.

Tochi na Alama
Naongezea kuhusu wakili. Kama ni tochi tu (kifaa cha kupima mwendo), umekutwa na 68 kwenye eneo la 50, usihangaike na wakili. Lipa mapema, deni likichelewa linaongezeka. Huikubali? Una haki ya kukataa kuandikiwa ukaomba kupelekwa mahakamani, ila uwe na ushahidi.

Wakili ni wa lazima, kwa maoni yangu, pale penye kifo, majeruhi, pombe, kukimbia baada ya ajali, au leseni ikiwa ndiyo riziki ya mtu. Hapo kwenu yapo mawili. Na aje kabla ya Jumatatu. Akija baada ya "ni kweli" ataishia kuomba apunguziwe adhabu.

Wakili mzuri ataomba kuona ramani ya ajali (vipimo vya wapi matairi yalisimama, vioo vilidondokea wapi), ripoti ya mkaguzi wa magari kuhusu breki, PF3, na maelezo ya onyo ya dereva, yaani yale aliyoandikisha polisi. Gari msilitengeneze kwa sasa bila kumuuliza. Lipigeni picha pande zote, hasa palipogongwa: kama bodaboda iliingia ubavuni nyuma ya mlango, hiyo ni hadithi tofauti kabisa na bampa la mbele kubonyea.

Kuna mtego mwingine, usikilizwaji wa awali, wenyewe wanaita PH. Zinasomwa hoja, mshtakiwa anaulizwa zipi hazibishaniwi, kisha anasaini. Alichosaini kinahesabika kimethibitishwa. Jina lake, namba ya gari, tarehe, sawa. "Alikuwa mwendo kasi" asikubali kwa kuwahi kurudi nyumbani.

Na kama mwisho wa siku ushahidi unaonyesha alikosea, wakili anaweza kuzungumza na upande wa mashtaka. Makubaliano ya kukiri kosa yapo kisheria tangu 2019, yanaandikwa na kusajiliwa mahakamani. Huko ni kukiri ukiwa unajua unakiri nini.

Bima Ndogo
Mkuu, mmesahau upande wa madai. Dereva akitiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, majeruhi akifungua kesi ya fidia hukumu hiyo ni uthibitisho tosha kwamba kosa lilitendeka. Wewe mwenye gari unaanza ukiwa umeshafungwa goli. Ipeni taarifa kampuni ya bima leo, kwa maandishi, hata kama mna bima ndogo (ya mtu wa tatu). Kumsaidia majeruhi matibabu ni utu, fanyeni, lakini msisaini karatasi ya kukubali kosa kabla bima haijajibu. Na msidhani majeruhi akisema amesamehe kesi imekufa; kesi ni ya Jamhuri.

Mwenye Hiace
Nashukuru sana wakuu. Fedha ndiyo tatizo. Na kuna mtu kajitokeza anasema "atamaliza na watu wa ndani".

Mzee wa Majalada
Huyo ni kishoka, mkimbie. Jina la wakili linatafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaona kama ana leseni ya mwaka huu. Mkubaliane kwa maandishi: ada inahusu hatua zipi, PH tu au hadi hukumu, na upewe risiti. Kama hamna kitu kabisa, msaada wa kisheria upo kwa sheria ya 2017. Ulizeni LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Wakili akikosekana kufikia Jumatatu, dereva aende hivyo hivyo, asikwepe, maana wadhamini wake watasumbuliwa na hati ya kumkamata itatoka. Akane shtaka, aombe nakala ya hati ya mashtaka na tarehe nyingine ili atafute wakili. Awe na wadhamini mahakamani asubuhi hiyo hiyo, wenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, kwa sababu dhamana ya polisi inaishia mlangoni pale na ya mahakama inaombwa upya.