Mjadala: Medali ya shaba ya Chamonix 1924, je, ilikuwa haki kuihamisha baada ya miaka 50?

Mleta mada:

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja ya mambo ya theluji, na najua wengi wetu theluji tunaionea kwenye picha tu. Lakini swali lenyewe linatuhusu. Kosa la hesabu kwenye matokeo likigundulika nusu karne baadaye, na aliyepewa medali keshazikwa, lisahihishwe au liachwe?

Kwa asiyeijua habari yenyewe: mwishoni mwa Januari 1924 nchi 16 zilikutana Chamonix, Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc. Wakati ule yaliitwa wiki ya kimataifa ya michezo ya majira ya baridi. Hadhi ya kuwa Olimpiki ya kwanza ya baridi ilikuja baadaye. Dhahabu ya kwanza aliichukua Charles Jewtraw wa Marekani, mbio za mita 500 kwenye barafu, sekunde 44. Clas Thunberg wa Finland aliondoka na medali 5, tatu kati ya hizo za dhahabu. Kwenye skii, zile mbao nyembamba za kutelezea juu ya theluji, mfalme alikuwa Thorleif Haug wa Norwei: alishinda kilomita 18, akashinda kilomita 50, akashinda na mashindano yanayounganisha mbio na kuruka.

Ikaja siku ya kuruka kwa skii. Wa kwanza Jacob Tullin Thams, wa pili Narve Bonna, wote Wanorwei. Wa tatu akaandikwa Haug kwa pointi 18 kamili. Wa nne akawa Anders Haugen, nahodha wa Marekani, kwa pointi 17.916. Huyu Haugen alizaliwa Bø, mkoa wa Telemark, Norwei hiyohiyo, akahamia Marekani akiwa kijana. Siku ile aliruka mita 50, hakuna aliyeruka mbali zaidi yake, ila majaji walimbana kwenye alama za mtindo.

Mwaka 1974 Wanorwei waliyapitia upya makaratasi ya Chamonix, akiwemo mwanahistoria Jakob Vaage na mzee Thoralf Strømstad, ambaye naye alipata medali mbili za fedha kulekule mwaka 1924. Walipojumlisha upya wakakuta pointi za Haug si 18. Ni 17.812. Yaani wa tatu alikuwa Haugen. Haug alishafariki mwaka 1934 kwa nimonia, akiwa na miaka 40. Haugen alikuwa hai, mzee wa zaidi ya miaka 80. Akaitwa Oslo, na aliyemkabidhi medali ni binti wa Haug.

Msimamo wangu sitauficha: ilikuwa haki, na ilipaswa kufanyika hata kama Haugen naye angekuwa kaburini. Nina sababu yangu binafsi.

Miaka ya nyuma nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwenye mashindano ya wilaya nilipangiwa kuandika matokeo. Kazi ilikuwa kunakili kutoka karatasi ya uwanjani kwenda karatasi kubwa ya ukutani. Ilikuwa imenyesha, karatasi ya uwanjani imelowa, na maandishi ya penseli yamefifia. Binti mmoja wa darasa la sita, aliyeruka chini peku, alikuwa ameruka mita 4.17. Mimi nikasoma 4.11. Wa tatu alikuwa na 4.14. Watatu wa juu ndio waliokwenda kambi ya mkoa.

Usiku napanga makaratasi kwenye mwanga wa taa ya chemli, nikaiona ile saba, ina kikofia chake kabisa. Nikakimbia kumwamsha mkuu wa kamati. Akanijibu akiwa kitandani: "Mwalimu, matokeo yameshatangazwa. Maji yakimwagika hayazoleki." Asubuhi lori likaondoka na watoto wa mkoa. Yule binti alikuwa amesimama kando ya barabara ameshika ndoo, kwa sababu shule yao ndiyo ilikuwa zamu ya kuchota maji.

Kwa hiyo mtu akiniambia kosa la miaka 50 liachwe, mimi simwelewi. Karibuni.

Mchangiaji, Zanzibar:

Mwalimu, pole kwa lililokukuta. Lakini naomba nikupinge kwa heshima.

Maiti hana mdomo. Haug hakuiba. Hakujumlisha yeye zile pointi. Alipewa medali mbele ya watu, akaenda nayo kwao, akafa akijua ni yake. Miaka 40 baada ya kifo chake mnaita kikao na kumvua? Kisha anayetumwa kuipeleka ni mtoto wake mwenyewe! Mimi hapo moyo unanikataa. Kama binti yule alikubali kwa hiari, basi ni uungwana wake, wala hauwezi kuwa sheria ya kumlazimisha mtoto wa mwingine.

Halafu tazameni hili. Kwenye zile mita 500 za barafu alizoshinda Jewtraw, nafasi ya tatu waligawana watu wawili, Thunberg na Roald Larsen wa Norwei. Shaba mbili, mashindano yaleyale, wiki ileile. Basi kilichoshindikana ni nini kumpa Haugen shaba yake na kumwachia Haug ya kwake?

Mchangiaji, Eldoret:

Hoja ya shaba mbili ni nzuri kuisikia lakini haisimami. Thunberg na Larsen waligawana kwa sababu muda wao ulikuwa sawa. Haug na Haugen hawakulingana. 17.916 na 17.812 si sare, na ukisema ni sare umeandika uongo wa pili juu ya uongo wa kwanza.

Kumbukeni ya Jim Thorpe. Mwamerika wa asili, alishinda pentathloni na dekathloni Stockholm 1912, akapokonywa mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli. Miaka ya 1980 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamrudishia, lakini nusunusu, akatajwa mshindi sambamba na wale waliokuwa wamempokea nafasi. Ilichukua hadi 2022 wamtaje mshindi pekee. Nusu haki haikutuliza kitu, watu waliendelea kudai miaka 40.

Na sisi huku tunaijua hiyo njia. Pamela Jelimo alimaliza wa nne London 2012 katika mita 800. Aliyekuwa wa kwanza, Savinova wa Urusi, alifutiwa matokeo mwaka 2017 kwa dawa za kuongeza nguvu, na Jelimo akapanda. Hakusimama jukwaani London akaona bendera ikipanda mbele ya uwanja uliojaa. Hicho hakirudi. Kama hakirudi, basi angalau jina liandikwe panapostahili! Mtu wa nne kila siku anaambiwa asubiri, avumilie, yameshapita. Anayeambiwa hivyo hajawahi kuwa yule aliyesimama jukwaani.

Mchangiaji, Zanzibar:

Ndugu yangu wa Eldoret, dawa ni wizi. Hapo mimi sina ubishi na wewe. Mwizi avuliwe hata baada ya miaka 100. Mimi nasema juu ya mtu asiye na kosa.

Mchangiaji aliye Norwei:

Mimi naishi huku mwaka wa kumi na mbili sasa, na mwanangu wa miaka 9 anaruka kwenye kilima kidogo cha watoto karibu na nyumbani. Niruhusuni nieleze kitu ambacho hamtakiona mkitazama namba peke yake.

Mrukaji hapati pointi za umbali tu. Kuna alama za mtindo: mwili ulitulia hewani au uliyumba, na alitua vipi. Kutua vizuri ni mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa. Mtuo huo unaitwa telemark, jina la mkoa uleule aliozaliwa Haugen. Siku hizi mashindano makubwa huwa na majaji watano wa mtindo, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki tatu ndizo zinazohesabiwa. Huo ni ulinzi dhidi ya jaji mmoja mwenye chuki au mwenye mapenzi.

Sasa Haugen aliruka mita 50 akazidiwa na watu walioruka pungufu. Kuna wanaosema majaji walimwonea. Hilo mimi sitaki liguswe. Jaji aliona alichokiona, na hakuna anayeweza kurudi Chamonix akatazame mtuo ule upya. Lakini kilichosahihishwa mwaka 1974 si jicho la jaji. Alama za majaji ziliachwa kama zilivyo. Kilichosahihishwa ni kujumlisha, na kujumlisha hakuna mtindo. Mtoto wangu anaweza kujumlisha zile namba leo jioni akapata jibu lilelile.

Mada yetu ikae hapo, la sivyo tutafungua kila faili la kila jaji tangu dunia iumbwe.

Mchangiaji, Moshi:

Mkuu wa Norwei umemaliza, ila niongeze jambo ambalo huwa halitajwi. Chamonix ilitoa pia medali za kupanda milima, kwa msafara wa Waingereza wa Everest wa mwaka 1922. Hawakufika kileleni. Na katika msafara ule wachukuzi saba walifunikwa na poromoko la theluji, wakafa. Aliyepokea medali kwa niaba ya wote ni Edward Strutt, naibu kiongozi wa msafara, akaahidi kwamba moja itafikishwa kileleni. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 2012, Kenton Cool alipopanda nayo. Miaka 88!

Wale saba walihesabiwa kati ya waliotunukiwa, na hilo nalisifu kwa dhati. Mimi ni mtoto wa mgumu, baba alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu ujana wake. Mgeni akifika Uhuru anapewa cheti chenye jina lake. Aliyebeba hema lake na jiko lake na maji yake hapewi hata karatasi. Wazee wa Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kwamba aliwaongoza Hans Meyer na mwenzake, Wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, na hadi leo kuna ubishi kama ni kweli, kwa sababu walioshika kalamu hawakujali kuandika nani alikuwa pamoja nao.

Hapo ndipo naungana na mwalimu. Mzee Haugen alikuwa na bahati moja kubwa: karatasi zilikuwepo. Kuna watu kosa lao haliwezi kusahihishwa kwa sababu hawakuandikwa kabisa. Sasa palipo na karatasi, na karatasi inasema wazi, mtu anakaaje kimya?

Mchangiaji, Mombasa:

Swali dogo. Hiyo shaba ilikuwa na uzito gani kwa Wamarekani hadi itafutwe?

Mleta mada:

Mkuu wa Mombasa, ilitafutwa na Wanorwei wenyewe, si Wamarekani. Walijua wakijumlisha upya watampunguzia mtu wao, wakajumlisha. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Na kuhusu uzito wake: hadi michezo ya Beijing 2022, Marekani haikuwa imepata medali nyingine yoyote ya Olimpiki katika kuruka kwa skii. Ni hiyo moja tu.

Ndugu wa Zanzibar, nimekusoma mara mbili na sikupuuzi. Ni kweli Haug hakukosa, na atakayeandika habari hii lazima aseme hivyo. Dhahabu zake tatu zipo palepale, hakuna aliyezigusa, na heshima yake Norwei haikupungua. Lakini hebu fikiria upande wa pili. Haugen alirudi Marekani akiwa wa nne, akashiriki tena mwaka 1928, akazeeka akiwa wa nne. Naye hakukosa kitu. Kati ya watu wawili wasio na kosa, mbona yule mwenye pointi nyingi ndiye aambiwe avumilie?

Na yule binti wa Haug mimi namwona kwa jicho tofauti na lako. Wangeweza kumtuma ofisa yeyote, au kuituma kwa posta. Lakini ilitoka mkononi mwa mtoto wa marehemu ikaingia mkononi mwa mzee. Baada ya hapo hakuna mtu wa kusema ukoo wa Haug una kinyongo, wala kwamba Haugen kapora.

Mchangiaji, Zanzibar:

Hapo kwenye mkono kwa mkono umenigusa, mwalimu. Bado nasema familia iulizwe kwanza, na ikikataa iheshimiwe. Lakini nakubali kujumlisha ni kujumlisha.

Sasa niulize nami. Yule binti wa mita 4.17, uliwahi kumwambia?

Mleta mada:

Hapana. Nilihamishwa shule mwaka uliofuata, na nikajiambia ni mtoto, atasahau.

Karatasi ya uwanjani ninayo hadi leo, niliiweka ndani ya Biblia ya mama yangu. Mwezi uliopita nilikutana na kaka yake kituo cha daladala, tukaongea. Ameolewa, anauza nguo za mitumba, ana binti anayesoma sekondari. Nimemwomba kaka namba ya simu ya dada yake na amenipa. Sijapiga bado. Wenye uzoefu wa mambo kama haya naombeni ushauri: nimpigie kwanza, au niende na karatasi yenyewe mkononi?

Mchangiaji, Moshi:

Nenda nayo mwalimu. Aione ile saba mwenyewe.