Setibaki: ile nafasi mbele ya nyumba ni yako au ya serikali?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, tulichambue hili bila matusi. Jumatatu vijana wenye kopo la rangi nyekundu walipita mtaani kwetu hapa Uganda wakachora X, alama ya kuvunjwa, kwenye duka la mama na kwenye saluni ya jirani. Mama alipouliza kosa lake, alijibiwa neno moja tu: setibaki. Pikapu ikaondoka. Mjomba, ambaye Kiingereza chake alikiokota jeshini, akasema maana yake ni pigo, kurudishwa nyuma. Tulicheka kidogo.

Nimeuliza huku na huku. Huyu anasema hilo ni eneo la barabara, utavunjiwa bila kulipwa hata shilingi. Yule anasema ni ardhi yako ila usijenge. Nani mkweli? Duka limesimama tangu 1994. Msimamo wangu: anayenizuia kujenga kwenye ardhi niliyoinunua anilipe. Mnasemaje?

Fundi Mzee
Mwanangu, wote wawili wana ukweli, ila wanazungumzia mistari miwili tofauti. Kuna hifadhi ya barabara, ile tunayoiita rodi riziva. Hiyo hupimwa kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya zamani ya 1949 iliruhusu ifike hadi futi 50 kila upande, na ilitumika mpaka ikaja Sheria ya Barabara ya 2019. Hapo huhesabiwa si pako hata kama babu yako alipanda migomba.

Setibaki yenyewe huanzia kwenye mpaka wa kiwanja chako ikaja ndani. Hiyo ni yako. Panda maua, anika nguo, egesha bodaboda. Ukuta wa nyumba ndio usiuweke hapo.

Sisi mafundi tuna lawama zetu. Ukituita asubuhi, tunanyoosha futikamba kuanzia ukingo wa lami, tunachomeka vigingi, tunafunga kamba, tunachimba msingi. Lami si mpaka! Mpaka ni yale mawe ya mpimaji, na mengi yamefunikwa na udongo au jirani kayang'oa usiku. Kwenye kibanja, yaani ardhi unayoikalia bila hati, hakuna hata mawe, ni miti ya luwaanyi tu inayopandwa mpakani, na mti unahamishika.

Mpangaji Chumba
Mnaolalamikia setibaki hamjawahi kupanga Katwe, huko Kampala. Nilikuwa nikinyoosha mkono dirishani nashika nondo za dirisha la jirani. Akikaanga samaki jioni, shati langu linakwenda kazini likinuka mukene, wale dagaa. Mvua ikinyesha, bati lake linamwaga maji ukutani kwangu, rangi ikafura kama ngozi iliyoungua. Moto ukitokea, gari la zimamoto lipite wapi? Wavunje tu.

Robo Ploti
Ndugu Mpangaji, wewe unahama, sisi tumenunua. Tuweke hesabu mezani. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464. Chukua mfano tu kwamba unaambiwa uache mita 3 mbele, 3 nyuma, na moja na nusu kila upande. Unabakiwa na kama 300. Unaishi vizuri.

Sasa mimi nina 25 kwa 50, ambazo ni mita za mraba 116. Kwa vipimo hivyohivyo nabaki na 43 hivi! Tajiri amepoteza thuluthi moja na kidogo, mimi nimepoteza zaidi ya nusu. Vipimo vinavyofanana si haki inayofanana. Na aliyenikatia hiyo robo akachukua pesa zangu, mbona yeye hachorewi X?

Fundi Mzee
Hapo umenishika. Nyumba mbili zikishirikiana ukuta mmoja imara, mpaka juu ya paa, mnaokoa nafasi na moto unachelewa kupita. Ila lazima jirani akubali, na majirani wa kwetu unawajua.

Wa Ggaba
Ninyi mnagombania mita 3. Huku kando ya Ziwa Victoria ni mita 200 za kutojenga kutoka ufukweni, kanuni za 2000 hizo, na kando ya Nile ni 100. Tuliziona za kikoloni mpaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko rekodi yake ya 1964. Watu walitoa magodoro kwa mtumbwi. Mimi tangu siku hiyo sibishani na futikamba.

Msoma Sheria
Mwanzisha mada, tuanze na malipo. Kuambiwa usijenge ukingoni mwa kiwanja si kunyang'anywa. Hati inabaki na jina lako, kwa hiyo fidia hapo usiitegemee. Lakini siku barabara ikipanuliwa ikaila ile nafasi, Ibara ya 26 ya Katiba inataka ulipwe fidia ya haki kabla ya kuchukuliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliikataa sheria iliyoruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye. Ndiyo maana msikubali setibaki iitwe riziva. Neno likibadilika, pesa inapotea.

Pili, huo mwaka 1994. Ni Sheria ya Mipango ya 2010 iliyofanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kabla yake ilikuwa maeneo yaliyotangazwa tu. Mtaa wenu ulikuwa umetangazwa? Mama ana mchoro wa ujenzi wenye mhuri? Na hiyo X ina barua, au ni rangi tupu?

Mpangaji Chumba
Rangi tupu siku hizi ni biashara. Unatoa kidogo, inafutika. Nimesema wavunje, lakini si kwa njia hiyo.

Mwanzisha mada
Nimerudi. Barua hakuna. Mchoro mama anao, umeliwa na mchwa pembeni lakini mhuri unasomeka. Lile la "anilipe" nalifuta, Msoma Sheria kanielewesha.

Leo tumechimba na mjomba. Jiwe la mpaka tumelikuta chini ya banda la kuku, hatua mbili kutoka ukutani kuelekea barabarani. Kwa hiyo duka limo ndani ya kiwanja chetu. Mjomba amelisugua kwa brashi ya viatu, tumelipiga picha na ile X ikionekana nyuma yake. Kesho mama anaipeleka ofisini pamoja na mchoro, na ataomba barua. Jirani wa saluni bado anachimba.