Majivu ya Bravo, 1954: kompyuta ingewaokoa watu wa Rongelap?

Fizikia Tu: Wadau, Machi 1, 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni, Bravo, kule Bikini visiwa vya Marshall, wakitarajia nguvu ya megatani kama 6 (megatani ni tani milioni za baruti ya TNT), ikatoka 15. Majivu ya matumbawe yenye mionzi yakawamwagikia watu wa kisiwa jirani cha Rongelap na wavuvi 23 wa Kijapani. Fundi redio wao, Kuboyama, akafariki Septemba. Njia ya majivu ilikuwa imekadiriwa kwa mkono kwenye ramani za upepo. Wangekuwa na programu ya kompyuta ya kukadiria majivu kama DELFIC, iliyokuja miaka ya 1960, yale yasingetokea. Pingeni.

Bint Tanga: Acha kuwatetea. Kompyuta walikuwa nazo! ENIAC, kompyuta ya jeshi lao, ilipiga hesabu za bomu la haidrojeni tangu Desemba 1945. Ya kuua inapewa mashine, ya kuokoa inapewa penseli?

Fizikia Tu: Nani anatetea? ENIAC hiyohiyo mwaka 1950 ilipewa utabiri wa hali ya hewa wa saa 24, ikautoa kwa karibu saa 24. Utabiri unakuta kumeshakucha.

Nahodha Mstaafu: Kompyuta ya nini? Marehemu babu yangu Pemba angetazama mawingu alfajiri akawaambia msiwashe hilo dude. Machi bado kaskazi.

Mchokozi: Mzee, Machi kaskazi imeshachoka. Hayo ni maleleji.

Nahodha Mstaafu: Maleleji mwezi wa nne. Umewahi kupanda hata mtumbwi wewe?

Mchokozi: Nimezaliwa Mkokotoni, usinifundishe bahari.

Fizikia Tu: Jamani, Bikini iko Pasifiki! Na wingu lilipanda karibu kilomita 40. Huko kila tabaka lina upepo wake. Chembe kubwa inawahi kushuka, ndogo inasukumwa huku na huku na kila tabaka inalopita. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Tanga la ngalawa halifiki huko.

Nahodha Mstaafu: Ngalawa umeitaja kwa dharau. Watu wamekwenda nayo Komoro kabla ENIAC yako haijazaliwa.

Bint Tanga: Mnagombania kaskazi na jibu mnalo. Usiku wa kuamkia mlipuko wakubwa waliambiwa kikaoni kwamba upepo umegeuka, si mzuri kama mwanzo. Wakalipua. Watu wa Rongelap wakaja kuhamishwa Machi 3. Programu gani ingewazibua masikio?

Fizikia Tu: Na ukubwa wa bomu je? Walidhani lithiamu-7 iliyokuwa kwenye fueli ya bomu haitachangia kitu, ikachangia. Ukiilisha mashine megatani 6, hata ya leo itakuchorea majivu ya megatani 6.

Bint Tanga: Kwa hiyo DELFIC yako isingesaidia.

Fizikia Tu: Sijasema hivyo! Namaanisha wangeweza kujaribu pepo kumi kabla ya kulala, badala ya mmoja.

Bint Tanga: Na pepo ngapi kati ya hizo kumi zingepeleka majivu Rongelap ndipo waahirishe?

Mchokozi: Ngalawa hadi Komoro? Labda jahazi.

Nahodha Mstaafu: Njoo Wete nikuoneshe.