Harusi ya kwanza Jumamosi hii Kisumu: ninunue lenzi au flashi?

Kijana_wa_Manyatta: Wadau hamjambo. Nimepata harusi yangu ya kwanza ya kulipwa. Kanisani hapa Kisumu, halafu na maharusi twende Hippo Point, kando ya ziwa, jua likizama. Kamera ninayo, Canon na lenzi yake ile ya 18-55. Mfukoni nimebaki na elfu 13. Ninunue lenzi ya 50mm ya mtumba au flashi? Usingizi umenipotea wiki nzima. Nisaidieni haraka.

Lenzi_Kavu: Lenzi. Hiyo 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, na ndani ya kanisa utauhitaji. Ila kwa Canon ndogo, 50 huona kama 80, yaani huvuta karibu. Ukoo ukisimama wote, mashangazi na watoto, utarudi nyuma hadi utokee mlangoni. Hapo rudisha 18-55. Betri ngapi? Kadi ngapi? Kamera ya akiba?

MamaTatu_Nakuru: Mimi mpiga picha alitupandisha Menengai na gauni jeupe, upepo na vumbi, shela ikanifunika uso. Nikaletewa picha 11. Katika 4 mume wangu amefumba macho. Na mama mkwe hayupo hata kwenye moja! Mpaka leo anaamini ni mimi niliyeamuru asipigwe. Kijana, wazazi wa pande zote mbili wapige kwanza, kabla ya keki.

Kijana_wa_Manyatta: Asante dada, nimeandika. Betri 2, kadi 1. Ya akiba sina.

Mzee_Kigoda: Hiyo kamera ni yako?

Kijana_wa_Manyatta: Ninayo hapa mzee.

Mzee_Kigoda: Sikuuliza iko wapi. Nimeuliza ni ya nani.

Kijana_wa_Manyatta: Ni ya studio ninapofanya kazi. Jumamosi hii hatufungui, mdosi hatajua. Bibi harusi alikuja kuuliza bei mdosi akiwa ametoka, nikamwambia nitampigia kwa 25,000. Mdosi hutoza 60,000, kwa hivyo huyo mteja angeenda zake tu. Nimemwibia nani? Mwaka wa pili huu nalipwa 400 kwa siku, kazi yangu picha za pasipoti na kumshikia mwavuli wa taa kwenye harusi. Nitaanza lini? Na msiniambie nirudishe dipoziti, elfu 10 ilishalipa kodi ya nyumba.

Omwami_wa_Ingokho: Kamera ya wizi, mteja wa wizi. Bibi harusi tu ndiye bado hajaibwa 😂

Mzee_Kigoda: Msicheke. Nilikuwa na duka la vipuri Kakamega, kulikuwa na kijana niliyemfunza kazi tangu hajui spana. Siku moja nikasikia amefungua lake mtaa wa pili, na wateja ni wangu wote. Hakuja hata kuniaga. Angeniambia, ningempa shehena ya kwanza kwa mkopo, haki ya Mungu. Nenda kwa mwajiri wako leo jioni, mdogo wangu, ukamwambie.

Kijana_wa_Manyatta: Mzee, wewe ungempa. Huyu wangu hanipi hata nauli.

Lenzi_Kavu: Mahubiri nawaachia nyinyi. Mimi nimebadili mawazo: usinunue kitu. Kodisha kamera na lenzi siku hiyo, ubaki na hela ya kadi 2 ndogo. Badilisha kadi mara tu kiapo kikiisha, iliyojaa ikae mfuko wa ndani, si kwenye begi. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, kadi hiyo usiipigie tena. Picha bado zimo humo hadi nyingine zizifunike, kuna programu za kuzirudisha. Na andikishaneni: saa ngapi hadi saa ngapi, picha ngapi, lini unakabidhi, salio linalipwa lini. Kanisa gani? Kuna wachungaji hawataki flashi wakati wa kiapo.

Kijana_wa_Manyatta: Wasabato.

Jirani_wa_Kondele: Ngojeni kwanza. Wasabato, Jumamosi? Mimi nimelelewa humo. Siku ya Sabato hakuna atakayekufungia harusi, sisi zetu ni Jumapili. Jamaa anatutungia hadithi. Kesho utaona namba ya M-Pesa, tumchangie lenzi.

MamaTatu_Nakuru: Kumbe! Na mimi nimemwaga mambo ya mama mkwe wangu bure!

Omwami_wa_Ingokho: Nilishaanza kushona suti.

Kijana_wa_Manyatta: Sitaki pesa ya mtu. Aliniandikia "wikendi hii". Wikendi si ni Jumamosi? Harusi zote nilizoshika mwavuli zilikuwa Jumamosi. Ngojeni nimpigie.

Jirani_wa_Kondele: Tunangoja.

Jirani_wa_Kondele: Saa 2 zimepita. Si niliwaambia?

Kijana_wa_Manyatta: Simu yake ilikuwa imezimwa, ndiyo amepokea sasa hivi. Ni Jumapili.

MamaTatu_Nakuru: Basi vizuri, umeongezewa siku moja.

Kijana_wa_Manyatta: Dada, Jumapili mdosi ana harusi Maseno. Kamera ni hii hii. Na wa kushika mwavuli ni mimi.

Mzee_Kigoda: Jioni hii, mdogo wangu. Nenda.

Lenzi_Kavu: Kukodisha, nilisema.

Jirani_wa_Kondele: Mimi bado naona unatunga. Lakini kama hutungi, mwavuli wa Maseno nitaushika mimi. Hiyo 400 ni pamoja na chakula?